Kanga wa Septemba

Magu, Mwanza
21 Septemba 2025

Mjukuu wangu Maduhu,

Bibi yako anakusalimu. Anauliza wewe ni mume gani, unapiga simu kuulizia bunduki ya babu kabla hujamuulizia yeye goti lake. Goti limepoa. Pamba tumeshauza, ng'ombe wamekonda kama kawaida ya kiangazi, na lambo limebaki tope na maji ya kunyweshea tu. Vinginevyo sisi wazima.

Jana alfajiri tulitoka, mimi na baba yako mdogo Kulwa, tukarudi na kanga watatu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kulwa alikuwa ameshafanya kazi kubwa jioni iliyotangulia. Kanga wakipanda kulala hawanyamazi, wanagombea matawi kwa makelele, kwa hiyo mtu akikaa kimya wakati wa magharibi anaonyeshwa kitanda chao bila kuuliza. Walilala kwenye migunga iliyo juu ya korongo, chini ya kile kilima chenye mawe. Tulifika pale kiza bado kipo. Ukigeuka nyuma unaona taa za wavuvi wa dagaa kwenye Ghuba ya Speke, nyingi mno, maana mwezi haukuwepo. Tukakaa pembeni ya shamba la mtama uliokwisha kuvunwa, mbali na miti. Kumpiga kanga akiwa juu ya tawi ni kama kumwibia mtu aliyesinzia, na katika nyumba hii jambo hilo halifanyiki.

Jua lilipochomoza walianza kushuka mmoja mmoja, wakajipanga kwa mstari kuelekea kwenye mabua. Hapo Kulwa akainuka ghafla, akawakimbilia akipiga makofi. Kanga hukimbia kwanza, kuruka ni jambo la mwisho. Wakaruka, huyu kusini, yule ng'ambo ya korongo. Vijana wengi wangewafuata mbio, na ndipo asubuhi yao ingeishia. Sisi tulikaa chini. Kanga hawezi upweke. Baada ya muda kidogo mmoja akaita, mwingine akajibu, wakaanza kurudi kwa miguu, vichwa chini, wakitafutana kwenye nyasi.

Sasa sikiliza, maana hili nilifundishwa na baba yangu na wewe hujafundishwa na mtu. Kwa manyoya humjui jike wala dume, wote madoadoa meupe, wote kichwa cha buluu. Masikio ndiyo yanayojua. Jike peke yake ndiye anayeita kwa sauti mbili, ya pili ikipanda juu, anairudia na kuirudia. Dume ana mkwaruzo wa sauti moja tu. Aliyeita kwa mbili nilimwacha apite, tena alipita karibu kiasi cha kuona kope zake. Niliwachagua wenye pembe fupi kichwani, waliozaliwa mvua zilizopita. Nyama yao haimsumbui bibi yako na meno yake. Risasi tatu, ndege watatu. Tulipowapasua, firigisi zilijaa punje za mtama, mbegu za nyasi na vichwa vya mchwa. Mmoja tulimpelekea mwenye shamba, mmoja alipikwa kwa karanga usiku huohuo, wa tatu Kulwa aliwabebea wanawe.

Nije kwenye ujumbe wako. Unasema wenzako wa Geita wana gari, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwezi wa Juni hamngoji tena kivuko, basi Krismasi mtakuja wanne, niwaazime bunduki na ile karatasi. Jibu ni hapana. Bunduki imeandikishwa polisi kwa jina langu, na leseni ina jina langu, idadi ya ndege na eneo la kuwindia. Mkikutwa nayo ninyi, si kosa la ujana hilo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ni kali; hata nyama iliyoko kwenye sufuria huhesabiwa nyara ya serikali kama huna kibali chake. Tena wageni wa gari hupotea upesi: unadhani bado uko vichakani, kumbe umeshaingia Pori la Akiba la Kijereshi. Mama yako hana ng'ombe wa kuuza kwa ajili ya mawakili.

Lakini hata sheria ingenyamaza, Krismasi nisingekupeleka. Mvua zikishaanza, kundi huvunjika, kila dume na jike wake. Nikiwa mdogo kuliko wewe, baba alinishika shingo akaniinamisha kwenye kichaka cha nyasi. Jike alikuwa amelala juu ya mayai yake chini kabisa, hana nyumba wala miiba, hakusogea. Nilikuwa na teo mkononi. Baba hakusema kitu, alinivuta tu tukazunguka kwa mbali. Ukiua wakati huo unadhani umepata mmoja, kumbe umemaliza kundi zima la Agosti. Ndiyo maana mimi mvua ya kwanza ikigonga bati napaka bunduki mafuta naifungia, hata kama leseni bado ina siku.

Na wale kanga uliosema mnauziwa kando ya barabara, wamekufa lakini hawana jeraha, acheni kununua. Ndege aliyekufa bila jeraha wala alama ya kamba huenda amekula punje zenye sumu. Nimeona mbwa wa jirani yangu alivyokufa kwa kula mmoja aliyeokotwa. Ukitamani sana nyama ya porini, tafuta bucha ya nyamapori yenye kibali. Tangu mwaka 2020 zimeruhusiwa.

Najua utanuna siku mbili. Nuna, kisha uombe likizo ya Agosti. Njoo peke yako, au na mdogo wako kama atakubali kukaa saa nzima bila simu. Hutashika bunduki mwaka wa kwanza. Utakwenda na Kulwa jioni kusikiliza wanapolala, na asubuhi utakuwa wewe wa kupiga makofi. Kama baba yako anaisoma hii begani kwako, na yeye anakaribishwa, ila apunguze kukohoa.

Krismasi njooni kula. Bibi yako ameshachagua jogoo, na anataka umletee mafuta ya kuchulia goti, yale ya kopo jekundu, siyo yale ya mwaka jana.

Babu yako