Ndege Imegonga Ndege

Simu ilimkuta mama shambani Mitunguu, akikata ndizi za lori la Nairobi. Netiweki ya kule chini karibu na mto ni ya kubahatisha, kwa hivyo katika yote aliyosema mdogo wangu, mama alinasa maneno matatu tu: ndege imegonga ndege.

Akanipigia analia. "Mtoto amegongana na ndege ingine huko juu!"

Kosa lilikuwa la lugha. Kimeru kinatenganisha hivi vitu: nyoni ni ile ya manyoya, ndege ni ile ya injini. Kiswahili kimezipa jina moja, kikaiachia ngeli kazi ya kutofautisha, na Kiswahili cha soko la Mitunguu hakina muda wa ngeli.

"Mama, ni nyoni. Wamegonga nyoni, na wametua salama."

Akanyamaza kidogo. "Sasa nyoni inaangusha ndege aje?"

Hilo swali lilikuwa la haki. Mimi na mdogo wangu tulikua tukifukuza kwelea kwenye mtama wa nyanya, upande wa Tharaka, kwa kombeo na kelele za makopo. Kwelea mmoja ni kama gramu 20. Lakini Nairobi kuna wale korongo wenye vipara kwenye migunga ya Mombasa Road, karibu na uwanja wa Nyayo, wanaonenepa kwa takataka zetu. Mmoja anaweza kufika kilo nane, na Wilson si mbali na hapo. Ndege ndogo ya mafunzo ina injini moja na kioo cha mbele cha plastiki, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo inaongezeka mara nne.

Kisa cha Michael Grzimek nilimficha. Kijana huyo Mjerumani alikuwa akihesabu wanyama wa Serengeti na baba yake, Bernhard, kwa ndege iliyopakwa milia kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959, akiwa peke yake angani, aligongana na tumbusi, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24, mmoja tu zaidi ya mdogo wangu. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Nikampa kisa cha Hemingway badala yake. Januari 1954, karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, rubani wake alikwepa kundi la ndege, akagonga waya wa zamani wa simu, ikabidi atue kwa nguvu kichakani. Wote wakapona. (Ndege waliyopanda kesho yake huko Butiaba iliwaka moto ikijaribu kupaa. Hapo sikufika.)

Usiku mdogo wangu akanieleza vizuri. Kishindo kama bunduki, damu kwenye kioo, halafu injini ikaanza kutetemeka hadi meno yakagongana. Mwalimu wake akaizima. Injini ikizimwa, ndege haianguki kama jiwe, inateleza. Kila futi 1,000 za urefu zinakupa kama kilomita mbili na nusu za kutafuta pa kukaa. Ukiwa chini sana usijaribu kugeuka urudi uwanjani, hapo ndipo watu hufa. Tafuta mbele yako, na uendelee kuiendesha mpaka isimame kabisa, redio itangoja. Walitua kwenye malisho upande wa Kajiado, ng'ombe wakiwaangalia.

"Hakuna aliyeumia," akasema. "Ila huyo ndege." Akacheka, kisha sauti ikamkwama. Alikuwa ametoa unyoya kwenye nywele zake. "Jumatatu narudi hewani. Usimwambie mama."

Nilimwambia. Hakusema kitu, na kwa wiki mbili hakupokea simu ya mdogo wangu.

Desemba tukaenda nyumbani. Siku ya pili mama alimshika mkono, akampeleka hadi mwisho wa shamba, mimi nikawafuata. Migomba hapa, alimwonyesha, huwezi. Huko mtoni kuna mawe. Akanyoosha panga kuelekea uwanja wa shule ya msingi.

"Pale ni sawa. Ikikuzimikia huku kwetu, kuja pale."

Mdogo wangu aliukagua uwanja kwa macho, polepole, kama mtu wa kazi. "Pale kuna nyaya za stima, mama."

Mama akaziangalia hizo nyaya kwa muda.

"Sawa," akasema. "Nitaongea na chifu."