Mashine Nne za Kunyolea na Pesa Niliyoficha

Zamu yangu ya kuandika imefika. Mimi nilitaka kuandika juu ya mpira, lakini mweka hazina wetu, yule dada mkubwa tunayemwita Yaya, akaniambia, "Andika ile ya mashine. Wengine wasije wakapigwa kama wewe." Basi naandika, ingawa kuna mahali nitaona haya.

Kwa wasionijua, mimi ni kijana wa Uvira, naishi hapa Nakivale, Uganda. Asubuhi najitolea kama mkalimani kwenye kituo cha afya. Kwa sababu ya kazi hiyo watu wananiletea karatasi zao niwasomee: barua, ujumbe wa simu, fomu. Nawaambia kila siku, "Mama, usiweke kidole kwenye kitu hujasomewa." Kumbukeni hilo, maana linarudi.

Mwaka jana tulikuwa vijana 14 tunaweka akiba, kila mmoja shilingi 5,000 kwa wiki. Baada ya wiki 16 tulikuwa na 1,120,000. Tukakubaliana kufungua saluni ya kunyoa, wale wanne wasio na kazi wajifunze, faida igawanywe. Tulihitaji mashine nne nzuri za kunyolea, zile zinazokaa na chaji, kwa sababu umeme hapa unajulikana.

Nilitumwa Kampala kuuliza bei. Dukani wakaniambia mashine moja 230,000. Nikatoka nimekasirika. Kwenye simu nilikuwa nimeona mashine ileile kwa muuzaji wa China, dola 40, yaani kama 148,000 hivi. Nikarudi kwa wenzangu nikasema wale wa Kampala ni wezi, wanatuona sisi washamba. Tuagize wenyewe! Wote wakanipigia makofi. Mashine nne dola 160, usafiri dola 40, jumla dola 200. Jirani mwenye kadi ya benki akatulipia, tukamrudishia shilingi 740,000. Tukabaki na 380,000 ya kioo, viti na betri ya sola.

Pale chini ya ukurasa wa muuzaji kulikuwa na mstari wa herufi ndogo unaosema kwamba kodi na ushuru wa nchi ya mnunuzi ni juu ya mnunuzi. Niliuona. Nikaupita. Kichwani nilijiambia, sisi tuko kambini, vitu vya kambini havina kodi.

Baada ya wiki tano ujumbe ukaingia: mzigo umefika, uko forodhani. Kwetu Kongo tunasema dwani, na mtu wa kwetu akisikia dwani moyo unadunda. Kesho yake mtu akanipigia, anaongea Kiswahili kizuri kabisa. Akasema yeye ni wakala, anaujua mzigo wangu. Akasema, "Ndugu yangu, mkimbizi halipi kodi. Nitumie 120,000 ya kushughulikia makaratasi, leo jioni mzigo unatoka." Namba aliyonipa ilikuwa ya simu ya mtu. Sikuuliza karatasi. Sikuuliza risiti. Alichosema ndicho nilichotaka kusikia, nikatuma.

Jioni simu yake haikupatikana. Mpaka leo.

Mimi ndiye niliyekuwa nashika simu ya kikundi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Siku sita nilikaa na siri hiyo. Watu wakiuliza, "Mashine zimefika wapi?" nasema ziko njiani. Nilikuwa naenda kituoni kutafsiri, mgonjwa anaeleza maumivu yake, mimi namwomba arudie kwa sababu akili iko forodhani. Siku ya saba ikaja hesabu ya kweli kutoka kampuni ya usafirishaji, pamoja na karatasi ya forodha. Nikaisoma mara tatu.

Ilikuwa hivi, na nawaandikia yote kwa sababu ndiyo elimu yenyewe. Forodha haihesabu bei ya mashine peke yake. Inachukua bei, usafiri na bima pamoja. Kwetu ikawa dola 200. Juu ya hiyo, ushuru wa forodha 25%, dola 50. Halafu VAT ya Uganda, 18%. Hii haihesabiwi juu ya 200, inahesabiwa baada ya ushuru kuongezwa, ikawa dola 45 na kitu. Yaani unalipa kodi hata juu ya ushuru. Halafu tozo ya miundombinu 1.5%, dola 3. Halafu 6% ya kodi ya mapato inayokatwa mapema kwa anayeingiza mali ya biashara, dola 12. Jumla dola 110, kama 407,000 hivi. Kampuni nayo ikadai ada ya kushughulikia mzigo na ya siku zile ulizolala stoo, 60,000. Siku hizo sita za siri yangu zilikuwa zinalipiwa.

Mfukoni mwa kikundi zilikuwa zimebaki 260,000. Zilitakiwa 467,000.

Rafiki yangu mmoja akanishauri tumwombe muuzaji aandike upya kwamba ni zawadi ya dola 20. Nikatamani, sitawadanganya. Lakini bei ya kweli ilikuwa tayari kwenye karatasi. Tena watu wa forodha wana haki ya kuikataa bei wasiyoiamini na kuweka thamani yao, na kudanganya bei ni kosa la sheria. Mkimbizi mwenye kesi ya forodha, jamani, hiyo saluni angeifungulia wapi?

Usiku huo nikaenda kwa Yaya. Nilimkuta anaosha vyombo. Nikasema, "Yaya, kuna kitu nimefanya." Nikamweleza yote, na ile 120,000. Alikaa kimya mpaka akamaliza sufuria. Kisha akasema, "Pesa imekwenda. Lakini siku sita ulitutazama usoni. Hilo utalisema wewe mwenyewe mbele ya wote." Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

Jumapili nikasema mbele ya wote. Mmoja alinyanyuka akaondoka, na sikumlaumu, mama yake anauza mandazi ili yeye apate ile 5,000. Mwingine akauliza swali lililokuwa kwenye vichwa vya wengi: "Lakini kwa nini tulipe? Sisi si wakimbizi?"

Tukampeleka swali hilo dada mmoja wa msaada wa kisheria ambaye huja hapa kusikiliza watu. Akatufungulia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 29. Kwa maneno yangu, kinasema hivi: nchi isimtoze mkimbizi kodi au ushuru mkubwa zaidi, au wa aina nyingine, kuliko inaomtoza raia wake aliye katika hali kama hiyo. Uganda ilijiunga na mkataba huo mwaka 1976. Yule dada akasema, "Hakisemi msilipe. Kinasema mlipe sawa na jirani yenu Mganda. Misamaha mnayoisikia ni ya mashirika, kwa vitu vya msaada. Nyinyi mmeingiza mali ya biashara."

Mwenzetu mmoja akanung'unika, "Kwa hiyo haki yetu ni kulipa." Tukacheka. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikilifikiria hilo. Miaka yangu yote hapa nimezoea aina mbili za watu: wanaonipa kwa sababu mimi ni mkimbizi, na wanaonikata kwa sababu mimi ni mkimbizi. Yule tapeli alijua nitamwamini akinitaja kwa jina hilo. Ile karatasi ya forodha ilinitaja kama mwingizaji wa mashine nne, basi. Iliniuma mfukoni, lakini hata mfanyabiashara wa Kampala angeandikiwa asilimia zilezile.

Na hapo ndipo nikamkumbuka yule mwenye duka niliyemwita mwizi. Mashine zetu, ukiweka bei, usafiri na kodi, zilifika dola 310. Gawanya kwa nne, ni kama 287,000 kila moja, bila kuhesabu ada, nauli na pesa ya tapeli. Yeye alikuwa anauza 230,000, kodi ikiwa ndani ya bei, na ikiharibika unairudisha. Anaagiza nyingi kwa pamoja, usafiri kwa kila mashine unakuwa mdogo. Mimi nililinganisha bei yake iliyokwisha kufika na bei ya kitu kilichokuwa bado China.

Kikundi kiliamua kila mtu atoe 10,000. Yule aliyeondoka alirudi na yake, akaiweka mezani bila kunisalimia. Ikawa 140,000. Ile 67,000 iliyobaki nilitoa kwenye posho yangu, na ile 120,000 ninairudisha kidogo kidogo. Imebaki 30,000. Simu ya kikundi sasa iko kwa Yaya, na kila ujumbe wa pesa unasomwa na watu wawili.

Kodi tulilipa kwa namba maalum ya malipo, ile wanayoiita PRN, inayotolewa kwa mzigo wako. Unaipeleka benki au unalipia kwa simu, na pesa inaingia serikalini. Ndugu zangu, shikeni hili: kodi ya Uganda haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Wakala wa kweli ana ada yake, sawa, lakini ataandika ada yake mbali na kodi mbali, na atakuonyesha hesabu kabla hujatoa shilingi.

Kuna wanaoniuliza sasa juu ya mafuta ya ndevu, manukato na krimu kutoka nje. Fanyeni hesabu ileile kwanza. Halafu ongezeni ushuru wa bidhaa, maana Uganda inatoza 10% juu ya vipodozi na manukato, isipokuwa krimu wanazotumia watu wenye ualbino kutibu ngozi zao. Na zile krimu za kujichubua zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku. Hizo hata ukiwa na pesa ya kodi, ukikamatwa nazo umepoteza mzigo, na ngozi ya mteja wako nayo.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnatufundisha kuandika mpango wa biashara, asanteni. Ongezeni somo moja la kusoma karatasi ya forodha. Kwenye mpango wetu tuliandika mpaka bei ya taulo. Kodi haikuwa na mstari.

Saluni ipo, karibu na njia ya kwenda Base Camp. Mashine tatu zinafanya kazi, ya nne ilikuja na kasoro, na kuirudisha China ni gharama kuliko kuiacha. Ukutani hatukubandika picha za mitindo peke yake. Yaya alibandika ile karatasi ya forodha, pamoja na risiti. Wateja wanaiuliza wakiwa wamekaa kitini, nami nawaeleza huku nawanyoa. Yule aliyetaka kutuacha ndiye anayenishikia taa umeme ukikatika. Juzi alinisalimia.