Vipimo 37

Nachonga gia Gerezani, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Iliyonifundisha kupima ilikuwa ya mashine ya kukerezea ya fundi mwenzangu: meno 37, moduli 3. Kichwa cha kugawanyia kinataka mizunguko 40 ya mkono ili gia izunguke mara moja. Kwa hiyo kila jino ni mzunguko mmoja na matundu 3, kwenye duara la matundu 37. Katikati ya kazi mtu akanisalimia, nikaitika, nikapitisha matundu 4.

Tundu moja ni karibu robo ya milimita kwenye meno. Nilibana meno 5 kwa vernia, sehemu mbili, vikalingana. Nikaikabidhi.

Siku ya tatu ikarudi. “Inagonga, kaka.”

Nikatia chaki jino la kwanza, nikapima gia nzima. Kila vernia ilipolikumbatia jino moja, kipimo kilipanda. Mbele yake kikashuka kwa kiasi kilekile. Duara halisamehe: kilichozidi hapa lazima kipungue kule. Nilikuwa nimepima pazuri tu. Nikachonga nyingine kwa chuma changu.

Nikiziona Dash 8 Q400 za Air Tanzania angani, hulifikiria jino lile. Kati ya injini na propela kuna giaboksi inayoshusha kasi hadi propela isizidi mizunguko 1,020 kwa dakika. Gia za namna hiyo hupimwa kwa mashine yenye ncha inayopapasa ubavu wa jino, na kosa linaloruhusiwa ni sehemu chache za elfu za milimita. Robo yangu huko ni mlima.

Na umbo peke yake halitoshi. Tarehe 29 Aprili 2016, helikopta aina ya EC225 Super Puma ilianguka karibu na Turøy, Norwei, watu 13 wakafa. Chuma cha gia moja ndani ya giaboksi kuu kilikuwa kimechoka: ufa ulianzia kwenye kishimo kidogo mno juu ya uso, ukakua kwa ndani. Vernia haioni ufa. Gia ya ndege siigusi, hata mtu aweke fedha mezani.

Hizi za kwetu napima kote, namba 37 daftarini, mteja anaziona. Na kijana wangu akiwa anahesabu matundu, salamu zinangoja mlangoni.