Mshukiwa, Mtuhumiwa, Mchawi

Katika mchezo wa vitendawili, aliyeshindwa hutoa mji. Hutoa Unguja au Mombasa pasina kupoteza hata tofali moja, kisha hupewa jibu na mchezo ukaendelea. Tamthilia za televisheni zinazosimulia mauaji kwa mzaha zimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo: maiti hukutwa dakika za mwanzo, mtazamaji huulizwa nani kaua, na kabla ya saa kwisha hupewa jibu pamoja na kicheko. Sisi wapenzi wa tungo aghalabu huzidharau. Mimi nataka kuzitetea, na kuzilaumu pia, kwa sababu niliyoipata huku Dodoma, mbali na bahari.

Mfano wangu ni sehemu ya kwanza ya Death in Paradise, tamthilia ya BBC iliyoanza kuonyeshwa Oktoba 2011. Mtunzi wake, Robert Thorogood, amebuni kisiwa cha Karibi kiitwacho Saint Marie. Picha zenyewe zimepigwa Guadeloupe. Polisi Mwingereza amepigwa risasi ndani ya chumba cha kujihami kilichofungwa kwa ndani. Kutoka London analetwa mpelelezi Richard Poole, mtu wa suti nzito na mkoba mkononi hata akiwa juu ya mchanga, asiyelipenda jua wala bahari, na anayetaabika kwa kukosa kikombe cha chai. Msomaji wa visiwani atacheka kuliko Mwingereza, kwani wageni wa namna hiyo tunawajua tangu zamani.

Niliitazama nyumbani kwa jirani, nami ndiye niliyekuwa mkalimani. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, lakini huku Bara ilisubiriwa hadi mwaka 1994. Mabanda ya video nayo yalikuza wakalimani wao, akina Lufufu, waliotandaza Kiswahili juu ya sauti za filamu za kigeni. Jioni ile nilifanya kazi yao bila ya mbwembwe zao. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mama mzazi wa jirani, Mgogo wa upande wa Kongwa, mwenye umri uliopita miaka themanini. Macho yake yamefifia, kwa hiyo husikiliza kuliko sisi sote.

Karibu na mwisho, Poole anawakusanya wote wanaoshukiwa, anatembea mbele yao na kufumbua fumbo hatua kwa hatua. Mama akaniuliza, "Mwanangu, huyo ndiye mganga wao?"

Vijana waliangua kicheko. Mimi niliona kwamba ameuliza swali la haki. Watu wameitwa, wamekaa, mmoja anayejua siri amesimama, na kidole chake kitakapotua pana mtu atakayeondolewa katika jamii. Mpiga ramli naye hufanya vivyo hivyo. Nikamjibu, "Siye, mama. Huyu hana budi kueleza amejuaje."

Akanyamaza kidogo. "Basi sisi hatukuelezwa," akasema.

Ndipo akatusimulia habari za dada yake mkubwa. Mtoto katika ukoo alikufa ghafla. Mwanamume mmoja wa nyumba ile akaenda kuuliza kwa mganga, akarudi na jina. Ushahidi ulikuwa macho mekundu. Dada mtu alihama usiku, akafia ugenini, na shamba lake likachukuliwa na yule yule aliyekwenda kuuliza. Katika tamthilia yetu muuaji ni sajini wa polisi, aliyekuwa akipeleleza bega kwa bega na mgeni. Nilipolitaja hilo, mama hakushangaa. "Aliyeshika taa ndiye mwizi," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Yafaa msomaji wa pwani aelezwe macho mekundu huku bara hutoka wapi. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, ina paa bapa la udongo na uwazi mdogo. Mwanamke aliyepikia kuni ndani yake miaka hamsini amekula moshi wa miaka hamsini. Tena Kongwa ni nchi ya ukame, vumbi na nzi, na trakoma, maradhi ya vikope, imekaa humo muda mrefu hata watafiti wa macho wakapafanya kituo chao tangu miaka ya themanini. Maambukizi yakirudiarudia, kope hugeukia ndani na kulikwaruza jicho. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa wao ndio wakaao na watoto wadogo, ambao ndio wenye maambukizi mengi. Kwa hiyo uzee, mapishi na malezi huandika alama usoni, na alama hiyo husomwa kuwa uchawi. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, nayo magazeti yametuzoesha kusema "ramli chonganishi". Ramli isiyochonganisha mimi sijaiona.

Nilipokuwa nikifasiri nilijitahidi kutochanganya maneno matatu. Mshukiwa ni yule ambaye nyoyo hazijamtulia. Mtuhumiwa ni yule aliyekwisha kuambiwa. Mwenye hatia ni yule iliyemthibitikia. Tamthilia ya saa moja hukaa karibu saa nzima katika masafa yaliyopo baina ya neno la kwanza na la tatu, na karibu kila mara wa kwanza kushukiwa huwa hana kosa. Neno "mchawi" limeyameza masafa yote hayo. Likishatamkwa, shuku, tuhuma na hukumu zimekwisha kwa pamoja. Kwa hiyo nasema mzaha ule una elimu: humzoesha msikilizaji kulikataa jibu la kwanza.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti imekutwa kwenye mzimu, na kila mtu ana sababu ya kuogopa kuuliza zaidi. Bwana Msa hamwachii mzimu kesi. Anatafuta mkono wa mtu. Nacho kitabu kinachekesha.

Lawama yangu ni moja, nayo pia niliipata kwa mama. Jina la muuaji lilipotajwa, aliuliza, "Na marehemu wamemzika lini?" Nilitafuta jibu, sikulipata. Sisi pwani tuna tanga, hitima na arobaini; Wagogo nao wana yao. Katika tamthilia hizi maiti ni ufunguo wa kufungulia hadithi, na hadithi ikishafunguka ufunguo hutupwa. Aliyempoteza dada kwa kidole cha mtu hawezi kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Natamani atokee mwandishi atakayempandisha Bwana Msa treni hadi nyanda hizi kavu, na kiko chake na mzaha wake. Akute kijiji kimekwisha kupata jibu, naye akae chini ya mbuyu awaulize, mmoja mmoja na kwa upole, wamejuaje. Lakini marehemu azikwe kwanza.