Nasaha kwa Mpwa Anayeanza Kilimo: Kusudi la Kazi na Utulivu wa Mkulima wa Mlalo

Kazi ya shamba la mlimani haiishi. Palizi ikimalizika, kuna samadi ya kubeba. Samadi ikishafika shambani, mfereji umeziba. Mfereji ukizibuliwa, nyanya zimeshikwa na ukungu. Kwa hiyo anayengoja kazi iishe ndipo apumzike, hapa Mlalo katika milima ya Usambara hatapumzika mpaka auguzwe. Pumziko la mkulima hupangwa kabla ya kazi kuanza, na hupangwa na yeye mwenyewe.

Zamani majira ndiyo yaliyopanga. Vuli huanza Oktoba, masika hunyesha Machi hadi Mei, kisha inafuata baridi ya Juni hadi Agosti, wakati ukungu unapokaa bondeni hadi jua liwe juu. Mkulima wa Kishambaa alikuwa na migomba karibu na nyumba, mahindi na maharage mteremkoni, na pengine kishamba kingine chini nyikani. Kati ya palizi na mavuno zilikuwapo wiki za kujenga nyumba, kuoza watoto, kusuluhisha ugomvi na kutembelea wagonjwa. Ardhi nayo ilipumzishwa, shamba lililochoka likaachwa liote kichaka. Mambo mawili yaliuvunja mpango huo. Watu waliongezeka hadi pakakosekana shamba la kuacha. Kisha mboga zikaingia mabondeni: kabichi, karoti, nyanya, hoho na viazi, ambazo kwa kumwagilia hulimwa mwaka mzima. Bonde halina tena msimu wa kusubiri. Mkulima wa mboga amepata fedha ambazo babu zake hawakuzishika, na amepoteza mapumziko ambayo babu zake hawakulazimika kuyatafuta.

Lakini mazoea ya kuihesabu siku ya kupumzika kuwa siku iliyopotea hayakuletwa na mboga peke yake. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, uliwapa wanaume kadi zilizowalazimu kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwenye mashamba ya walowezi. Baadaye, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kibarua alihesabiwa kwa kipande: siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, siku ambayo hakufika ilibaki tupu, na ujira ulingoja mpaka alama 30 zitimie. Kusudi la kazi lilikuwa la mwenye shamba. La kibarua lilikuwa kujaza kadi. Vizazi kadhaa vya Usambara vilipita katika hesabu hiyo. Hata leo yuko mkulima asiye na msimamizi, mwenye shamba lake na jembe lake, anayeona haya kuonekana ameketi barazani saa nne asubuhi.

Historia ya Mlalo yenyewe inafundisha zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza ilianzisha katika bonde hili mpango wa kuokoa udongo, na baadaye ukapanuliwa katika sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na aliyekaidi alishtakiwa. Tatizo lilikuwa la kweli, kwa sababu kila masika udongo ulichukuliwa na maji hadi mtoni. Ila kazi ya matuta ilikuwa nzito, iliongezwa juu ya kazi zilizokuwapo, na wengi hawakuona inawapa nini. Wengine walihofia ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa ardhi. Upinzani ukakua, ukaingia katika siasa za kudai uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ukiwa na lengo lilelile la kulinda udongo. Safari hii mkulima alipanda majani ya guatemala na miti kwenye makinga maji. Majani yale yalishika udongo, yakalisha ng'ombe wa zizini, na ng'ombe akatoa maziwa na samadi. Mradi huo nao ulikuwa na upungufu wake, lakini aliyepanda majani alijua ni ya nini. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzito wa jembe. Kazi ambayo mtu haijui kusudi lake humchosha mapema, na usingizi wa usiku mmoja hauuondoi uchovu huo.

Kwa hiyo jambo la kwanza analoshauriwa mpwa, kabla ya kununua mbegu, ni kukaa chini na kuamua shamba ni la nini na kiasi gani kinatosha. Ada ya watoto ni kusudi. Kuezeka nyumba ni kusudi. Kumpita jirani si kusudi, kwa kuwa jirani naye hasimami. Mwenye kiasi anaweza kuweka jembe chini bila hofu, maana anajua alipofika.

Kuhusu namna ya kuweka jembe chini, dini zilizomo milimani humu zina ujuzi wa muda mrefu. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na Jumapili ikawa siku nzima isiyo na shamba. Ijumaa ya Waislamu inakwenda kwa njia nyingine: biashara huachwa adhana inapoita, na sala ikiisha Qur'ani inawaruhusu watu watawanyike kutafuta riziki. Moja inatenga siku, nyingine inatenga saa, na mkulima wa mboga anahitaji zote mbili, awe wa dini ipi. Huko Gare, katika milima hiihii, mwishoni mwa karne ya 19, walikuja pia watawa wa Kitrapisti, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6. Kanuni hiyo inaigawa siku kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma, na inamtaka mtawa aache alichoshika mara ishara ya sala inaposikika. Hapo pana jambo la kuiga hata kwa asiye mtawa. Anayeweza kuacha mstari wa karoti katikati, akijua kesho utakuwa palepale, ndiye anayeitawala kazi yake.

Serikali nayo imeweka kiwango kwa walioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, pumziko la angalau saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Aliyejiajiri hana sheria inayomlinda dhidi ya nafsi yake. Inafaa ajitungie, na aiseme nyumbani ili wengine wamkumbushe.

Nyumbani ndipo penye neno zito kuliko yote haya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wa vijijini wakiwa likizoni nusu ya maisha yao. Mlalo ya leo haijalifuta shtaka hilo. Mume akitangaza siku ya kupumzika, na siku hiyo mke akateka maji, akabeba kuni mgongoni, akapika na kufua, basi hapo hakuna aliyepumzika ila mmoja, tena kwa mgongo wa mwenzake. Kuni za siku ya mapumziko zikatwe siku iliyotangulia, na azikate mwanamume.

Utulivu wenyewe si usingizi tu, wala si kulala na simu usoni ukifuatilia bei. Katika milima ya Upare, jirani na Usambara, wakulima wamekuwa na ndiva tangu zamani: bwawa dogo linalofungwa usiku likusanye maji ya kijito chembamba, na asubuhi likifunguliwa maji yanakuwa na nguvu ya kufika shamba la mbali. Akili ya mkulima inahitaji usiku wa namna hiyo. Kabichi za Lushoto zinapojaa katika soko la Kariakoo kwa wakati mmoja, bei huanguka, na aliyeongeza bidii bila kufikiri amejiongezea gunia la hasara. Aliyekaa jioni moja akajiuliza wenzake wanapanda mwezi gani, na mboga zipi hazitakuwapo sokoni miezi mitatu ijayo, huenda akapata zaidi kwa shamba dogo. Fikra ya aina hiyo haiji mtu akiwa ameinama na jembe, wala akiwa anabishana na dalali.

Wanabaki vibarua. Wao hulipwa kwa siku, na mwenye shamba anapopumzika wao hukosa ujira. Mjomba hashauri kwamba kwa ajili yao shamba lisipumzike. Waambiwe siku mbili tatu kabla, ili wapate kazi kwingine au wakapalilie mashamba yao. Waruhusiwe kuketi na kula mchana bila kusimamiwa. Na siku ya malipo walipwe kabla ya jua kutua, kwa sababu asiyejua kama atalipwa hawezi kupumzika hata akiwa kitandani kwake.