Kocha wako ni mwanachama wa nani?

Kocha wa kazi (si wa mpira, jamani) hana leseni kama ya daktari. Ukiamka kesho ukajiita kocha, basi wewe ni kocha. Ndiyo maana mwaka 2016 vyama viwili, Association for Coaching na EMCC ya Ulaya, vilitia sahihi kanuni moja ya maadili. Wenzangu waandishi wa programu mtaelewa: ni kama vivinjari kukubaliana HTML moja, na hilo tunajua lilichukua miaka mingapi!

Kipengele ninachokipenda: kabla ya kuanza, kocha humweleza mteja haki yake ya kulalamika. Lakini kanuni humfunga mwanachama tu. Huyu ninayetaka kumlipa kutoka mshahara wangu nimemwuliza yuko chama gani. Ananijibu Jumanne. Pesa bado ninazo.