Bawa Nililowafundisha Vibaya

Niliwafundisha watoto wa Buruburu jambo lisilo kweli, na nililifundisha kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Kutojua kungesameheka. Lakini swali la kunizindua niliulizwa, nikalizima.

Masomo ya ziada ya sayansi tulikuwa tukiyafanyia sebuleni kwangu, Phase 3, jioni. Tulipofika kwenye somo la ndege nilichora bawa lililokatwa ubavuni: mgongo umebinuka, tumbo limenyooka. Nikaeleza kwamba hewa ya juu ina safari ndefu, kwa hiyo hukimbia ili iiwahi ile ya chini kwenye ukingo wa nyuma. Ikikimbia shinikizo hupungua, na bawa huinuka. Watoto wakanakili.

Mvulana mmoja akainua ndege aliyoikunja kwa karatasi ya daftari. "Mwalimu, hii bawa lake ni bapa juu na chini. Mbona inaruka?" Nikamjibu kwamba hilo haliulizwi kwenye mtihani. Wenzake wakamcheka, nami nikawaacha wacheke.

Miaka mingi baadaye nilifungua kitabu cha wanafunzi wa urubani nikaona aibu. Hakuna kinachoilazimu hewa ya juu kukutana na ya chini. Moshi ukipulizwa juu ya bawa kwenye chumba cha majaribio ya upepo, ule wa juu hufika nyuma mapema na kuuacha wa chini. Kanuni ya Bernoulli haina kosa: penye kasi zaidi, shinikizo hushuka. Sababu ya hiyo kasi ndiyo niliyoikosea. Bawa, hata lililo bapa, ukingo wake wa mbele ukiinuliwa kidogo huielekeza hewa chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton hewa nayo hulisukuma bawa juu. Shika kipande cha kadibodi mbele ya feni, uinue kidogo upande unaoelekea upepo. Utaisikia nguvu hiyo kiganjani. Ukizidisha mwinuko huo, kwa mabawa mengi kwenye nyuzi 15 hivi, hewa huachana na mgongo wa bawa na ndege huanza kuporomoka, hata kama injini inanguruma vizuri kabisa.

Na mfano nilikuwa nao jirani. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, pale Embakasi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hulazimika kushika kasi kubwa zaidi kabla bawa halijapata hewa ya kutosha ya kusukuma. Ndiyo sababu mojawapo ya njia ya kurukia kuzidi mita 4,000. Sikuwahi kuwaambia.

Wengi wa wanafunzi wale sasa ni wazazi, na huenda wanawachorea watoto wao bawa langu. Tafadhalini, lifuteni. Nawe uliyeshika ndege ya karatasi, ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Nilikuaibisha mbele ya wenzako. Naomba radhi mbele yao hao hao.